Fundi akivunja kumbukumbu ya marehemu, nani alipe?

Lushoto. Masika yamekwisha. Bati limevuja miezi mitatu na dari ya sebule imeota madoa ya kahawia. Juni imeingia na baridi yake, ukungu hauondoki migombani hadi saa nne asubuhi, na fundi aliyeahidi kuja tangu Pasaka leo amefika kweli, na saidia fundi wake na ngazi ya mbao.

Tuseme nyumba hii iko Magamba, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mama mwenye nyumba ni mwalimu mwenye watoto wawili. Yeye na fundi wamekubaliana Sh80,000 za ufundi, nusu mkononi na nusu kazi ikiisha. Anawawekea chai kwenye chupa, anawaacha watoto na dada wa kazi, anateremka mjini. Saa sita simu inaita.

"Shikamoo mama. Ukipata nafasi rudi mara moja nyumbani. Kuna kitu kimeanguka."

Kilichoanguka ni redio. Ilikaa juu ya kabati la mkulo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Saidia fundi alipogeuza ngazi ili aisogeze dirishani, ncha yake iliigonga. Redio hiyo ilikuwa haiwaki tena, na sokoni haifiki hata Sh20,000. Lakini ilikuwa ya babu, baba wa mwalimu, na ndani yake ilibaki kaseti aliyoirekodi mwenyewe miaka ya 80 akiwasalimia wanawe waliokuwa shuleni Tanga. Babu ameshafariki. Sauti yake haipo mahali pengine popote.

Redio imepasuka ubavuni. Kaseti imevunjika vipande viwili na utepe umemwagika sakafuni kama nyuzi. Mtoto mdogo wa miaka sita, aliye nyumbani kwa likizo, ameona yote.

Nyumba hii na watu wake ni wa mfano. Mkasa wenyewe, hata hivyo, si mgeni kwa mzazi yeyote aliyewahi kuita fundi wa dari, rangi, bomba au umeme. Leo ni redio, kesho ni picha ya harusi ya wazazi iliyodondoka ukutani, keshokutwa ni sahani ya bibi iliyokuwa imebaki moja kati ya sita. Kila mara maswali huwa mawili, na majibu yake hayafanani: nani alipe, na alipe kiasi gani?

Makubaliano ya mlangoni nayo ni mkataba

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawakuandikishana, hakuna mkataba. Si kweli. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya hiari kati ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali, ni mkataba hata kama yalifanyika kwa mdomo, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi. "Utanifanyia kwa elfu themanini?" "Nitakufanyia mama." Hapo mkataba umefungwa.

Ndani ya mkataba huo kuna ahadi ambayo hakuna aliyeitamka: kwamba fundi atafanya kazi kwa ustadi na uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa kazi ile. Na hata mkataba usingekuwepo, sheria ya uzembe, ambayo Tanzania iliirithi kutoka mfumo wa Kiingereza, humtaka kila mtu achukue tahadhari ya kutosha asiwaletee wengine madhara anayoweza kuyaona mapema. Njia hizi mbili zina muda tofauti. Chini ya Sheria ya Ukomo, madai yanayotokana na mkataba yana miaka sita, na yale ya uzembe yana miaka mitatu.

Je, saidia fundi ndiye aliyeangusha, fundi anaweza kusema "malizana naye"? Hapana. Kama kijana huyo anafanya kazi chini ya amri ya fundi na analipwa na fundi, kosa alilolifanya akiwa kazini humrudia aliyemwajiri. Mama hakumwita saidia fundi. Alimwita fundi.

Ni tofauti iwapo mwenye nyumba mwenyewe amewaita watu wawili kila mmoja na kazi yake, mmoja wa dari na mwingine wa umeme. Hapo kila mmoja hubeba lake, na ndiyo maana ni vizuri kujua tangu asubuhi nani amekuja na nani.

Kwa kampuni za ujenzi mambo ni mepesi kidogo, maana makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997, na mafundi umeme hupewa leseni na EWURA. Kuna ofisi ya kuulizia. Fundi wa mtaani, anayejulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza na namba moja ya simu, hana ofisi. Ana jina lake tu katika kata, na katika miji midogo kama Soni, Mlalo au Lushoto, jina hilo ni mali kubwa kuliko wengi wanavyofikiri.

Kuanguka kitu si lazima uwe uzembe

Hapa ndipo wenye nyumba wengi hukosea. Kitu kuvunjika mikononi mwa fundi hakumfanyi awe mdaiwa papo hapo. Swali ni kama alichukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua.

Redio ilikuwa inaonekana, au ilikuwa imefichwa nyuma ya pazia? Fundi aliomba vitu viondolewe juu ya kabati kabla ya kuingiza ngazi? Aliambiwa "kabati hilo msiliguse" akaligusa? Au mwenye nyumba ndiye aliyesema "fanyeni hivyo hivyo, nina haraka"? Na kama mtoto alipita mbio chini ya ngazi, kijana akajitupa upande ili asimwangukie, je, huo nao ni uzembe?

Kwa mkasa wa Magamba, fundi yuko pabaya. Ngazi ndefu kwenye sebule fupi, kitu kinachoonekana, chumba hakikuondolewa vitu, na aliyeigeuza ngazi hakuwa na mwenzake wa kumshikia. Ingekuwa ni kipande cha dari kilichooza kwa mvua kikaanguka kabla hawajakigusa, hadithi ingekuwa nyingine, na mwenye nyumba angejilaumu mwenyewe kwa kuliacha kabati chini ya dari inayovuja.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Aliondoka bila kusema neno kuhusu redio. Hilo halimfutii fundi kosa, lakini litaonekana kwenye hesabu ya fidia, na hesabu hiyo ndiyo ngumu kuliko yote.

Bei ya sauti ya babu

Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya wenye kinu cha kusagia nafaka cha Gloucester. Mtaimbo wa mashine yao ulivunjika, wakawapa wasafirishaji waupeleke kwa watengenezaji, na wasafirishaji wakachelewa. Kinu kikasimama siku kadhaa. Wenye kinu wakadai faida yote waliyokosa. Mahakama ikasema anayevunja mkataba hulipa hasara inayotokana na jambo lenyewe kwa kawaida yake, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua walipokuwa wanakubaliana. Kwa kuwa wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kwamba kinu kizima kingesimama, hasara hiyo haikuwa juu yao.

Kanuni hiyo iliingia katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ikatumika Tanganyika, na leo iko katika kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba yetu. Kifungu hicho kinaongeza kwamba hasara ya mbali, isiyotokana moja kwa moja na kosa, haifidiwi.

Kwa lugha ya sebuleni: kama fundi hakujua kwamba ndani ya redio ile kuukuu kuna sauti ya marehemu, ni vigumu kumdai thamani ya sauti hiyo. Atadaiwa redio. Na redio ni Sh20,000, tena kwa mnunuzi mwenye huruma.

Ndiyo maana sentensi moja inayosemwa asubuhi kabla ya kazi ina uzito kuliko malalamiko ya wiki nzima. "Fundi, hii redio ni ya marehemu baba, ina sauti yake, naomba tuitoe kwanza." Kuanzia hapo fundi anajua, na anayejua hawezi kusema hakujua.

Kisha kuna suala la ushahidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka wazi katika uamuzi wa mwaka 1992 kwamba hasara mahususi, yaani ile inayotajwa kwa tarakimu, lazima idaiwe waziwazi na kuthibitishwa. Kusema "ilikuwa na thamani kubwa" hakutoshi. Kinachoweza kuthibitishwa ni risiti, bei ya kitu kama hicho sokoni, gharama ya fundi wa kukitengeneza. Machungu ya moyo huangukia kwenye fidia ya jumla, ambayo hakimu huipima kwa busara yake, na anayeingia mahakamani akitarajia milioni kwa ajili ya picha moja ya ukutani ajiandae kutoka na kiasi kidogo sana.

Je, sheria haina moyo kabisa? Ina moyo, ila huutoa kwa kijiko. Mwaka 1971 mahakama moja ya Scotland ilimpa bibi harusi pauni 30 kwa sababu mpiga picha waliyekubaliana naye hakutokea siku ya harusi. Hakuna kilichovunjika, lakini mahakama ilikubali kwamba picha za harusi haziwezi kupigwa upya, na kwamba anayeuza kumbukumbu anajua anauza nini.

Kesi iliyo karibu zaidi na mkasa wetu ni ya Uingereza. Mama mmoja aliwaita mafundi wa kampuni ya British Gas wamfungie mfumo wa kupasha nyumba joto. Siku moja mwaka 1981 alirudi nyumbani akakuta moshi, na akasimama kutazama nyumba na kila kilichokuwemo kikiungua. Kampuni ililipa nyumba na mali. Yeye akadai pia ugonjwa wa akili aliosema ulimpata kwa kuyaona yale. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema dai la namna hiyo haliwezi kutupwa eti kwa sababu tu kilichoungua ni mali na si mtu. Hukumu za Uingereza hazimfungi hakimu wa Tanzania siku hizi, lakini mawakili huzitaja, na hii inafaa kukumbukwa na yeyote anayesema "si ni vitu tu".

Wachumi nao wana jambo lao hapa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990, watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwapa wanafunzi vikombe vya kawaida, kisha wakawauliza wangeviuza kwa bei gani. Waliopewa walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio na vikombe walikuwa tayari kulipa. Hicho ni kikombe kilichokaa mkononi dakika chache. Redio ya babu imekaa juu ya kabati miaka thelathini. Mwenye nyumba na fundi wanapobishana bei, kila mmoja anasema kweli ya upande wake.

Ulichomkabidhi mtu mkononi

Kuna kundi la pili la mikasa, nalo sheria yake ni kali zaidi kwa fundi: pale unapomkabidhi mtu kitu chako aondoke nacho au akae nacho. Saa kwa fundi saa. Simu kwa fundi simu. Kabati juu ya kirikuu likiteremshwa kona za Soni kwenda Mombo.

Anayepokea mali ya mtu anatakiwa aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani ile. Akifanya hivyo na bado kitu kikaharibika, hana hatia, labda kama walikubaliana vingine. Lakini yeye ndiye anayejua kilichotokea mwenye mali akiwa hayupo, kwa hiyo yeye ndiye atakayeulizwa.

Simu inastahili neno la pekee, maana siku hizi ndiyo sanduku la kumbukumbu la familia. Picha za mama akiwa wodini, ujumbe wa sauti wa mume aliyefariki, video ya mtoto akipiga hatua ya kwanza. Fundi anaambiwa simu imejifunga, anaiflashi, inawaka safi kama mpya na haina kitu ndani. Amefanya kazi aliyotumwa, na familia imepoteza kila kitu. Fundi makini huuliza kwanza: "Dada, kuna vitu humu unavitaka?" Asiyeuliza amekosea, na mteja asiyesema amekosea pia.

Vibao vya "hatuhusiki" vilivyobandikwa ukutani navyo si ngao ya kila kitu. Kinachotazamwa ni kama mteja alikiona kibao na kukikubali kabla ya kukabidhi, si baada ya mali kuharibika.

Saa ya kwanza

Turudi Magamba. Mwalimu amefika. Ameona utepe sakafuni. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, na maneno yanayokuja mdomoni si ya kuandikwa gazetini.

Hali hiyo si ukorofi. Kitu cha marehemu kinapovunjika, msiba unaweza kurudi na nguvu yake, hata kama umepita muda mrefu, na mwili huitikia kama siku ile ya kwanza. Kwa walio wengi wimbi hilo hupungua ndani ya siku chache. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu: majonzi makali yasiyopungua kwa angalau miezi sita baada ya kifo, yanayozidi mila za jamii husika na kumzuia mtu kufanya shughuli zake. Mama anayeshindwa kula, kulala au kwenda kazini kwa sababu ya redio huenda haombolezi redio. Huyo asikejeliwe, apelekwe hospitali ya wilaya.

Kwa sababu hiyo, saa ya kwanza si saa ya kujadili bei. Ni saa ya kuokota vipande vyote, hata vidogo, kuviweka kwenye bahasha, na kupiga picha mahali vilipoangukia. Hakuna cha kutupa siku hiyo. Kipande kinachoonekana takataka leo, kesho ni ushahidi, na keshokutwa ndicho fundi mwingine anachokihitaji.

Fundi naye ana saa yake ya kwanza, na wengi huiharibu kwa woga. Wapo wanaorudisha kitu kilichopasuka mahali pake na kukifunika kitambaa, wakitumaini hakitaonekana hadi watakapolipwa. Wapo wanaoanza na "mbona kilikuwa kibovu tangu zamani". Hakuna kinachochoma kama hilo.

Hospitali ziliwahi kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani kilianza mwaka 2001 utaratibu wa kuwaambia wagonjwa ukweli pale kosa la matibabu lilipotokea, kuomba radhi na kupendekeza fidia bila kusubiri mashtaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Annals of Internal Medicine ulionyesha kwamba madai mapya yalishuka kutoka 7.03 hadi 4.52 kwa kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa. Ngazi ya fundi si kisu cha daktari, lakini binadamu aliyeumizwa ni yule yule. Fundi wa Magamba alipiga simu mwenyewe, na kazi akaisimamisha. Hiyo ni nusu ya fidia, ingawa hakuna hakimu atakayeiandika.

"Babu ameumia?"

Mtoto wa miaka sita amesimama mlangoni kimya. Katika zogo la watu wazima ni rahisi kumsahau, na ndiye mwenye swali zito kuliko wote. Babu alikuwa anaongea ndani ya ile redio. Redio imevunjika. Je, babu ameumia?

Watoto wa umri huu mara nyingi huchanganya kitu na mtu, na huamini kwamba wao ndio waliosababisha: "ni kwa sababu nilikuwa nacheza karibu." Ajibiwe kwa maneno mepesi na ya kweli. Redio imevunjika, babu hasikii maumivu, wewe hukukosea, mama amehuzunika na huzuni itapungua. Asiambiwe "nyamaza, ni redio tu", maana amemwona mama yake analia kwa ajili ya hiyo redio tu. Na asitumiwe kama shahidi mbele ya fundi: "Sema mwanangu, nani kavunja?" Mtoto hubaki na kisa hicho kifuani muda mrefu baada ya dari kupakwa rangi.

Kilicho kizuri ni kumpa kazi. Ashike bahasha. Aokote vipande na mama.

Pa kwenda wakishindwana

Kosa la kwanza la wenye hasira ni polisi. Kanuni ya Adhabu humshughulikia anayeharibu mali kwa makusudi. Aliyeangusha kwa bahati mbaya, au hata kwa uzembe wa kawaida, ni mdaiwa wa madai, si mhalifu. Kosa la pili, nalo limezoeleka mno, ni kushikilia msumeno, ngazi na drili za fundi "mpaka alipe". Hakuna hukumu iliyotoa ruhusa hiyo, na mwenye nyumba anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa. Tena msumeno ule ndio unaowalisha watoto ambao huenda wanasoma darasa moja na wako.

Njia nzuri huanza karibu. Balozi, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, wazee wa pande zote mbili. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameeleza jinsi Wasambaa walivyozungumzia siasa na mvua kwa maneno kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Ni maneno ya machifu na njaa, si ya redio na ngazi, lakini milima hii ina mazoea ya kuuona ugomvi kama kidonda cha watu wote.

Wakishindwana hapo, lipo Baraza la Kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985 na kazi yake kubwa ni kupatanisha. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai madogo yatokanayo na mkataba, na lugha yake ni Kiswahili. Asiye na uwezo anaweza kumtafuta msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wakazi wa Lushoto wana bahati nyingine: Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha watumishi wa mahakama nchini, kiko hapo hapo mjini kwao.

Kwa ukweli, kesi ya Sh20,000 haifai nauli ya kuipeleka mahakamani. Mapatano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, yenye kiasi, tarehe, sahihi mbili na shahidi mmoja, yanatosha na ni ushahidi mzuri kesho mtu akibadilika.

Jioni moja kabla fundi hajaja

Vyumba vya Usambara vina unyevu, na unyevu huharibu kumbukumbu polepole kuliko ngazi lakini kwa uhakika zaidi. Kwa hiyo jioni ya kuamkia fundi ni nafasi nzuri kwa kazi mbili.

Ya kwanza ni kunakili. Picha za zamani zipigwe kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi. Iliyogandana na kioo isibanduliwe, ipigwe hivyo hivyo kupitia kioo, maana ukivuta utabandua na uso wa mtu. Kaseti inayocheza ichezwe kwenye chumba kimya na irekodiwe kwa simu. Yenye ukungu mweupe kwenye utepe isichezwe kabla fundi redio hajaitazama. Kisha vyote vitumwe kwenye kundi la familia la WhatsApp, ili simu moja ikiibwa ziwepo nyingine kumi. Vijana wa kidato cha pili wanaweza kuifanya kazi hii kuliko wazazi wao, wakiombwa vizuri.

Ya pili ni kuondoa. Kila kisicho na mfano kitoke kwenye chumba cha kazi kwa mikono ya mwenye nyumba mwenyewe, si ya saidia fundi. Kisichoondoka, kama kabati lenyewe, kipigwe picha na fundi aonyeshwe kabla hajapanda ngazi. Hakuna fundi mzuri anayechukia kuonyeshwa. Anayechukia amekueleza jambo kuhusu kazi yake, na bado hujamlipa.

Na kaseti ya babu? Kaseti ikivunjika, aghalabu kinachovunjika ni ganda. Utepe wenye sauti unaweza kuwa mzima, na fundi redio mwenye subira huufuta vumbi, huuzungusha upya na kuuhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine. Sehemu iliyokunjika sana hukatwa, na sekunde chache hupotea.

Kwa hiyo katika nyumba yetu ya mfano mapatano yanakuwa hivi. Fundi anakatwa Sh25,000 kwenye nusu iliyobaki, Sh20,000 za redio na Sh5,000 za kuhamisha utepe, na fundi redio anatafutwa na fundi mwenyewe, maana anamfahamu. Mwalimu hadai zaidi, kwa kuwa alijua hakusema. Wanaandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu, balozi anatia sahihi, na saidia fundi anaambiwa kwamba kesho ngazi inashikwa na watu wawili.

Jumamosi fundi anarudi na kaseti kwenye ganda jeusi la kaseti ya kwaya na redio aliyoiazima. Sauti inaanza katikati ya sentensi, kwa kuwa mwanzo wake umekatwa, na babu anauliza kama kule Tanga kuna joto na kama wanakula vizuri. Mtoto anataka arudie. Mwalimu anabonyeza vitufe viwili vitatu na kushindwa, na fundi, aliyekuwa amekataa kukaa, anavua kofia, anainama na kurudisha utepe nyuma.